Sukari ya Marine

Vaia Karatoli haamini kreti ya mapichi mpaka aione chini. Miaka ishirini na sita amesimama mwanzo wa mkanda wa mashine katika kiwanda cha kufungashia matunda cha ushirika wetu, na kila mkulima kuanzia mtoni hadi barabara ya Veria anamjua. Ukimletea kreti yenye mapichi mekundu juu na yaliyopondeka chini, ataipindua mbele za watu na kukuuliza kama mama yako mzazi anaijua tabia hiyo.

Sijui kama alizaliwa na roho ya kushuku au alifunzwa. Mumewe, Takis, alimwambia kwa miaka sita kwamba Alhamisi ni siku ya mkutano wa wamwagiliaji. Mwaka wa saba Takis akahamia mji wa Larissa na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mipira ya kumwagilia, na ndipo Vaia alipopata habari kwamba wamwagiliaji hawajawahi kukutana Alhamisi hata mara moja. Tangu siku hiyo anaishuku mizani ya mchinjaji, anaishuku mishumaa ya padri, na ujumbe wa benki haufungui mpaka apige simu kuuliza kama kweli wameutuma wao.

Ni mtu mmoja tu ambaye Vaia alimwacha nje ya shuku zake, naye ni Zisis. Majira ya baridi ya kwanza baada ya Takis kuondoka, Zisis alimletea shehena ya kuni za mwaloni, akazipanga mwenyewe kwenye stoo, na hata kahawa akakataa. Mwaka uliofuata Vaia akamshika binti wa Zisis, Asimina, kwenye maji ya ubatizo. Kwetu ukishamshika mtoto wa mtu majini, wewe na huyo mtu mmeshakuwa ndugu, na pengine zaidi ya ndugu, maana ndugu hukumchagua wewe. Tangu hapo Zisis hamwiti kwa jina. Humwita kumbara, jina la heshima la mama wa ubatizo. Sasa Asimina alikuwa anaolewa mwezi wa tisa, na Vaia ndiye angesimama nyuma ya maharusi kuwavisha mataji. Gauni lilikuwa tayari kwa fundi.

Zisis ni wakala wa vibarua. Mwaka huu ulikuwa wa tatu akiuletea ushirika wanawake kumi na wanne kutoka Georgia, kwenye basi dogo jeupe. Asubuhi anawashusha, jioni anawapakia. Hawachelewi, hawaugui, hawagombani, hawaombi ruhusa ya kwenda msibani. Mkulima mwingine angeleta mzigo usio na doa hata moja kwa miaka mitatu, Vaia angemfuata mpaka shambani. Huyu alikuwa kumbaro wake, ndugu wa ubatizo, basi akanyamaza.

Mwaka ule wa kwanza wa vibarua hao, Zisis alimwomba kufuli.

“Kumbara, ile kufuli ya stoo ya kuni unaitumia? Ya pampu yangu imekufa.”

Vaia akampa, na ufunguo mmoja. Wa pili ukabaki kwenye shada lake la funguo. Hakuwa anamshuku. Ni mazoea tu, kama mtu anavyofunga bomba mara mbili.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba, Pandelis, mwenyekiti wa ushirika, alimjia mkandani na karatasi mkononi na tabasamu usoni. Vaia akaliona tabasamu kwanza.

“Unataka nini?”

“Saini tu, Bi Vaia. Ni wale wa maduka makubwa ya nchi za kaskazini, wanaonunua mapichi yetu. Wanataka tuthibitishe hakuna anayefanya kazi kwa kulazimishwa, humu ndani wala kwa mawakala wetu.”

“Nani kawaambia nini?”

“Hakuna aliyewaambia kitu. Wanauliza kila mtu, ni sheria yao.”

“Anayeuliza kila mtu ana mmoja anamtafuta.”

“Lo, mama! Karatasi tu hii.” Pandelis akajifuta shingo. “Anayesaini ni msimamizi wa mkanda, yaani wewe, si mimi. Mkaguzi anakuja Jumatano, tarehe kumi na tisa. Tukikosa hiyo saini, mapichi ya kijiji kizima tutayapika jamu, na jamu hiyo utaila wewe.”

Vaia akaenda nayo nyumbani, akavaa miwani, akaisoma neno kwa neno. Je, wafanyakazi wanaweza kutoka mahali wanapolala wakati wowote wanapotaka? Je, pasipoti zao wanazo wenyewe? Kesho yake akamuuliza Zisis. Zisis akacheka, akamwekea mkono begani. “Kumbara, kwangu wanakaa kama mabinti zangu.” Vaia akaridhika. Hakusaini siku hiyo kwa sababu hajawahi kusaini kitu kabla ya siku yake kufika.

Kusema kweli, wiki zile kilichomkosesha raha hakikuwa karatasi. Ilikuwa sukari. Kando ya mashine ya kahawa kuna kopo la pakiti ndogo za sukari, na tangu mwezi wa sita kopo lililokuwa likimaliza wiki lilianza kuisha Alhamisi. Alimshuku kwanza dereva wa foklifti, ambaye anakunywa kahawa tamu kama mgonjwa. Akamhesabia pakiti kwa siku tatu, ikawa siye. Akamshuku mfagiaji. Akaanza kukaa karibu na kopo wakati wa mapumziko, mgongo ukutani, macho kwenye mikono ya watu.

Jumatatu, tarehe kumi na saba, ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Marina. Siku ya somo wako, yaani mtakatifu uliyepewa jina lake, kwetu wewe ndiye unayekirimu, na asiyekirimu amewatukana wenzake. Kisamehewacho ni msiba peke yake. Marina wa lebo, anayezibandika kwenye kreti, alileta sinia nzima ya keki ya maziwa. Lakini mle ndani kulikuwa na mwingine mwenye somo huyo huyo. Aliitwa Marine, mmoja wa wale kumi na wanne, mwembamba, wa miaka arobaini hivi, na wao huko kwao ni Waorthodoksi kama sisi. Mwaka juzi alisema ana msiba. Mwaka jana akasema ana msiba. Wanawake wa mkanda walikuwa wameihesabu hiyo misiba, na saa nne ya mapumziko wote wakamgeukia.

Marine akaja na kifuniko cha boksi. Juu yake alikuwa amepanga vipande vya pichi, vyembamba, vimenyunyiziwa sukari vizuri, kila kimoja na kijiti chake.

“Karibuni,” akasema. “Leo somo wangu.”

Marina wa lebo akapasuka kicheko.

“Mapichi! Shoga, tangu alfajiri tunayashika mapichi, unatukirimu mapichi?”

“Tena ya kreti ya makombo,” akasema mwingine. “Niliiona rangi yake.”

“Si ungetuletea na maji ya bomba kabisa, sikukuu ikamilike!”

Marine akabaki ameshika kifuniko. Vaia hakuwa anatazama mapichi. Alikuwa anatazama mfuko wa aproni ya Marine, ambako pakiti tupu za sukari zilikuwa zimechomoza, zimekunjwa vizuri.

Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya chumba cha baridi.

“Kumbe ni wewe.”

“Mimi, Bi Vaia. Mbili mbili kila siku. Tangu mwezi wa sita.” Alisema bila kutetemeka.

“Huna haya? Duka la keki si lile pale, kando ya kanisa, mnara unauona. Robo kilo ya peremende za lukumi ingekuua?”

Marine akainama, akavua kiatu, akatoa noti ya euro kumi iliyokunjwa mara nyingi hadi ikawa ndogo kama kucha.

“Hii ninayo tangu mwezi wa tano. Pesa ninayo, Bi Vaia. Mlango sina.”

“Mlango gani?”

“Niliandika lukumi kwenye orodha ya manunuzi. Bwana Zisis akaikata. Akasema si lazima.”

“Kwani wewe huna miguu ya kwenda mwenyewe?”

Marine akatazama upande wa uani, kule basi jeupe linakosimama. Sura ikambadilika.

“Nisamehe. Kigiriki changu kibaya, nimesema vibaya. Usimwambie. Tafadhali, mama, usimwambie.”

Wazo la kwanza la Vaia, na mimi sitamfichia, lilikuwa kwamba huyu mwanamke ni mwizi na sasa anampakazia kumbaro wake. Alirudi mkandani amefura. Lakini lile neno lilimkwama. Mwizi amekiri wizi bila kutikisika, halafu anaomba kisisemwe kitu kingine. Hakuwa anaogopa habari ya sukari.

Saa sita akamfuata Zisis uani.

“Zisis, hawa wanawake mbona siwaoni kijijini? Dukani, kanisani, popote?”

“Wanaogopa mbwa, kumbara,” Zisis akajibu hapo hapo. “Halafu jua kali. Halafu njia hawaijui, na walevi wa pale mkahawani unawajua mwenyewe. Nawanunulia kila kitu mimi. Kwani nani kasema?”

Majibu manne kwa pumzi moja, na swali juu yake. Vaia amesikiliza wakulima miaka ishirini na sita. Mwenye sababu ya kweli huitoa hiyo moja, akaenda zake.

“Hakuna,” akasema. “Nimeuliza tu.”

Saa kumi, kazi ilipokwisha, alipita duka la keki, akanunua boksi la keki za krimu, akalifunga nyuma ya pikipiki yake ndogo. Siku ya somo nyumba ya mwenye sikukuu huwa wazi. Haalikwi mtu, na hata adui yako akibisha unamfungulia na kumpa kiti. Alikuwa anakwenda kumtembelea Marine. Kama Zisis alisema kweli, atakunywa kahawa, atacheka, ataona haya kidogo moyoni na kurudi. Njia nzima aliomba iwe hivyo.

Wale kumi na wanne walikaa kando ya mfereji, kwenye banda la zamani la kuku la Zisis, lililopakwa chokaa na kutiwa mapazia ya maua. Jua lilikuwa bado juu. Lango la waya lilikuwa na mnyororo, na mnyororo ulikuwa na kufuli kwa nje.

Kufuli ya shaba, yenye tone la rangi ya buluu pembeni. Rangi ya madirisha ya Vaia. Yeye mwenyewe ndiye aliyelidondosha tone lile, mwaka ambao Takis alikuwa bado anakwenda kwenye mikutano yake.

Alisimama pale na boksi la keki mkononi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, aibu ambayo hata Takis hakuwahi kumpa. Wanawake walikuwa wametoka mlangoni mwa banda, wamesimama pamoja, na hakuna aliyesogea.

“Ondoka, Bi Vaia,” Marine akaita kwa sauti ya chini. “Anakuja na mkate.”

“Nimekuja kwa somo wako,” Vaia akasema. “Uishi miaka mingi.”

Akatoa shada la funguo. Ufunguo uliingia, ukazunguka bila taabu. Mtu alikuwa anaitia mafuta ile kufuli mara kwa mara.

Marine akamwekea kreti iliyogeuzwa iwe kiti, akaitandika taulo, akamletea glasi ya maji juu ya kisahani, kama inavyopasa. Vaia akanywa. Aliuliza pasipoti ziko wapi, wakasema kwa mhasibu wa Bwana Zisis. Aliuliza tangu lini, wakasema tangu siku ya kushuka. Alimuuliza Marine misiba ile miwili ilikuwa ya nani.

“Ya mwaka jana ilikuwa ya mama yangu kweli,” Marine akasema. “Niliomba kwenda kuzika, nikakataliwa. Ya mwaka juzi nilidanganya.”

Zisis aliwakuta wanakula keki. Alisimama langoni na mfuko wa mikate, akatazama mnyororo unaoning’inia, kisha akatoa lile tabasamu lake.

“Kumbara! Umekuja kutembea, mbona hukuniambia?”

“Tangu lini mtu akaaga kabla ya kwenda kwenye siku ya somo wa mtu?”

“Hiyo kufuli ni ya wezi, unajua. Wezi wamezidi mferejini.”

“Ya wezi hufungwa kwa ndani, Zisis. Uliniambia ni ya pampu.”

Tabasamu likamwisha. Akasogea karibu, akasema polepole, karibu kwa upole.

“Sikiliza. Mwezi wa tisa tuna harusi. Mtoto anakuita mama. Saini karatasi yako Jumatano, tuvune, tumalize msimu, halafu mimi na wewe tutakaa tuyaongee kindugu. Nilikupangia kuni, Vaia.”

Hakuwa amemwita kwa jina kwa miaka ishirini na tatu.

“Ulizipanga,” Vaia akasema. “Vizuri sana. Hata leo sijasahau.” Akainuka, akaichomoa kufuli kwenye mnyororo, akaitia mkobani. Kisha akawageukia wanawake. “Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Anayetaka kuja, aje kwa miguu yake. Asiyetaka, abaki, simlazimishi mtu.”

Walikuja tisa. Watano walibaki, wakiogopa kupoteza mshahara wa msimu, na sithubutu kuwalaumu. Wale tisa waliipita barabara kuu saa kumi na moja na nusu, mchana kweupe, na mifuko ya plastiki mikononi, Vaia mbele akiisukuma pikipiki. Wazee wa mkahawani waliweka karata mezani. Askari wetu wa kituo alikuwa miongoni mwao, kwenye meza anayokaa na Zisis kila siku, ndiyo maana Vaia hakusimama kumwambia neno.

Alimpigia Pandelis. Pandelis akasema, “Saini kwanza, Bi Vaia. Tukishamaliza na mkaguzi, tutamsema Zisis.” Vaia akakata. Aliwatandikia wageni kila godoro alilokuwa nalo, na Jumanne yote mkandani hakuna aliyezungumza naye. Hata Marina wa lebo alipita akitazama sakafu.

Jumatano mkaguzi akaja, binti wa Thessaloniki mwenye viatu safi na kompyuta ndogo. Pandelis alimkalisha ofisini, akamletea kahawa na mapichi bora ya msimu kwenye sahani. Zisis alikuwa amekaa kando ya dirisha, amevaa shati analovaa kwenye harusi za watu. Wale watano waliobaki bandani walikuwa wameshahojiwa, wao peke yao, na wote watano walikuwa wamesema wanakaa kama mabinti. Binti akatabasamu, akamsogezea Vaia karatasi na kalamu.

“Imebaki yako tu, mama.”

Vaia akaitazama ile sahani ya mapichi. Kisha akafungua mkoba, akaitoa kufuli, akaiweka juu ya karatasi, pale pa kusaini.

“Hii ilikuwa kwenye lango la banda wanamolala. Kwa nje.”

Binti akaacha kutabasamu. “Ni ya nani?”

Pandelis akamtazama Zisis. Zisis hakumtazama mtu yeyote isipokuwa Vaia, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye tayari ana jibu. Angesema haijui. Nani angethibitisha?

“Yangu,” Vaia akasema. Akaweka na ufunguo pembeni yake. “Nilimpa mimi kwa mkono wangu, na miaka mitatu sikuuliza iko wapi. Andika hivyo. Andika jina langu kwanza, kisha la huyu. Wanawake tisa sasa wanalala kwangu, wako mkandani, nenda ukawaulize huyu akiwa hayupo.”

Binti aliandika mpaka saa nane. Mambo ya baadaye yalikwenda kwa mwendo wa ofisi, wakaguzi wa kazi walikuja kutoka mjini, na mapichi hayakupikwa jamu. Lakini pasipoti zilipatikana siku ile ile, kabla ya saa tisa. Mhasibu alizileta mbio, zote kumi na nne kwenye bahasha moja, akisema alikuwa anazitunza zisipotee.

Saa kumi kasoro simu ya Vaia ililia. Alikuwa Asimina. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Mama, harusini usije,” akakata. Vaia akaweka simu kwenye aproni, akarudi mwanzo wa mkanda, akaipindua kreti iliyokuwa mbele yake, kisha nyingine, na macho yake hayakuwa yanaona mapichi.

Hapo Marine akaingia kwa mlango mkubwa wa mbele. Viatu vilikuwa na vumbi la barabarani, pasipoti imechomoza mfukoni. Alikuwa ametoka peke yake, bila kuomba ruhusa, kazi haijakwisha, jambo ambalo Vaia hajawahi kumsamehe mtu. Mkononi alikuwa na boksi la lukumi.

Akaanza upande wa pili wa mkanda. Kwa Marina wa lebo, kwa dereva wa foklifti, kwa mfagiaji, mmoja mmoja, akisema lile lile, “Leo si siku yake, lakini karibuni.” Hakuna aliyecheka. Marina wa lebo alichukua kipande, akamshika Marine shingoni, akambusu mashavu yote mawili.

Akamfikia Vaia mwisho. Vaia akaangalia vipande vya juu, vyekundu, vimepakwa sukari ya unga, vimejipanga sawasawa. Mkono wake ukaenda wenyewe, kabla hajauzuia. Akainua karatasi ya kati, akachungulia safu ya chini.

Marine akamsubiri.

“Hata chini ni zile zile,” Vaia akasema, akachukua ya chini, na ndipo alipoanza kulia.